Ushuru Hupenda Gari Kuukuu, Betri Haipendi

Usiku wa kuamkia Januari mosi, meli zilizotia nanga Kilindini zinapopiga honi kuukaribisha mwaka mpya, kuna magari yanayokufa kisheria kabla hayajakanyaga lami ya Kenya. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la nchi hiyo, KEBS, hakiruhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hesabu yenyewe hufuata mwaka wa kalenda. Gari lililosajiliwa Japani mwaka 2017 liliruhusiwa kushuka Mombasa hadi tarehe 31 Desemba 2024. Kesho yake, hata kama lilikuwa limebakiza siku mbili baharini, lilikuwa mzigo usio na pa kwenda. Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa ya magari ya 2018.

Tarehe hiyo moja inatosha kuonyesha kwa nini swali la mwezi mzuri wa kununua gari la umeme lililotumika halina jibu la mkato. Ukimuuliza dalali wa Ngong Road jijini Nairobi, atakujibu bila kukohoa: njoo Januari, watu wakiwa wamebanwa na karo. Jibu hilo limewafaa wanunuzi wa Toyota Vitz na Probox kwa miaka mingi. Kwa gari la umeme lina ukweli nusu. Injini ya petroli huchoshwa na kilomita na mafundi wabovu. Ikitunzwa, umri peke yake hauiui. Betri ya lithiamu huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai uani. Kuitumia kunaizeesha, joto linaizeesha, na kupita kwa siku tu kunaizeesha, na hiyo betri ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya thamani ya gari. Mnunuzi basi anapaswa kusoma kalenda kadhaa kwa mpigo: ya wahasibu wa Japani, ya forodha na Bunge, ya sarafu, ya pepo za pwani. Kalenda hizo hazielewani, na mahali zinapogombana ndipo fedha zinapopotea au kuokolewa.

Nitashika mfano wa Nissan Leaf. Limezoeleka Nairobi kuliko gari jingine lolote la umeme lililotumika, na ndilo lililobeba abiria wa NopeaRide, teksi za umeme zilizoingia jijini mwaka 2018 na kufungwa kampuni mama ya Finland ilipoishiwa na fedha. Leaf lilitoka Desemba 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24. Mwishoni mwa 2015 ikaja ya 30, Oktoba 2017 likatoka umbo jipya lenye 40, na Januari 2019 toleo la e+ lenye 62. Kwa vipimo vya Marekani, yakiwa mapya, yale ya 24 yalikwenda kati ya kilomita 117 na 135 kwa chaji moja. La 40 kilomita 243. La e+ hadi 364. Yote yana kasoro moja ya kuzaliwa nayo: betri haina mfumo wa kimiminika wa kuipoza. Hupozwa na hewa inayopita chini ya gari, basi. Hilo tutalirudia, maana sisi hatuishi kwenye baridi.

Tuanze Japani, bei inakotengenezwa. Mwaka wa fedha wa Wajapani huisha tarehe 31 Machi. Wauzaji wa magari mapya hukimbizana kufikia malengo yao kabla ya siku hiyo, hutoa punguzo, na kila gari jipya linalotoka huacha kuukuu mlangoni. Juu ya hapo kuna kodi ya mwaka ya gari, ambayo hudaiwa yule aliyeandikishwa kuwa mwenye gari tarehe 1 Aprili. Mwenye gari asilolihitaji ana sababu ya kuliondoa jina lake kabla Machi haijaisha. Na kuna ukaguzi wa lazima, shaken kwa lugha yao, unaofanywa mara ya kwanza gari likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Ni ghali, na Wajapani wengi huona afadhali kuuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Kwa kuwa magari mengi huandikishwa mwezi huo wa Machi, mengi hufikia mwaka wa tatu, wa tano na wa saba mwezi huohuo. Mafuriko ya Machi huzaa mafuriko ya Machi nyingine.

Ungetarajia basi Machi iwe ndiyo shabaha. Siyo. Aprili mosi ndiyo siku ambayo Japani nzima huanza upya: wafanyakazi wapya huripoti kazini, wanafunzi huingia shuleni na vyuoni, familia huhamia miji mingine. Wanaohitaji gari hulitafuta Februari na Machi, na muuzaji wa kule huwa na wateja wake wa nyumbani wa kutosha. Mnunuzi wa Mombasa akiingia mnadani wakati huo anashindania gari na baba wa Saitama anayemtafutia binti yake usafiri wa kwenda kazini. Aprili ikishaanza, baba huyo ameondoka na magari yaliyobaki bado yapo. Minada huenda kila wiki, mkubwa wao ukiwa ule wa USS Tokyo mjini Noda unaofanyika Alhamisi, na kila wiki gari linalokaa bila kuuzwa linamgharimu mwenyewe. Kisha mwishoni mwa Aprili inaingia likizo ndefu wanayoiita Golden Week, kuanzia tarehe 29 hadi Mei 5, minada inafungwa, na wauzaji hupenda kupunguza mzigo kabla ya kuzima taa. Dirisha hilo, kuanzia wiki ya pili ya Aprili hadi katikati ya Mei ukiiruka likizo yenyewe, kwangu ndilo bora la mwaka upande wa Japani. Agosti katikati, wakati wa likizo ya Obon, kuna dirisha dogo mfano wake. Desemba mwishoni kila kitu kimefungwa na anayekuharakisha ulipe anaharakisha fedha zako tu, gari halitatoka.

Sasa tuvuke bahari, tukutane na forodha. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, haichukui bei uliyonunulia. Inaanzia kwenye orodha yake ya bei za magari mapya, kisha inapunguza thamani kwa ngazi kadiri gari linavyozidi umri, na kodi zote huhesabiwa juu ya kile kilichobaki. Kila mwaka unaoongezeka ni ngazi moja chini, na gari la miaka saba hulipiwa kodi ndogo sana kuliko la miaka mitatu la aina hiyohiyo. Ndiyo maana barabara za Nairobi zimejaa magari yaliyoingia yakiwa yamekaribia mwisho wa ruhusa yao. Mwagizaji wa petroli hufanya hesabu ya busara: anaokoa laki kadhaa za ushuru, na injini ya Toyota ya miaka saba bado ina ujana.

Hesabu hiyohiyo ikihamishiwa kwenye gari la umeme inageuka mtego. Sheria inakulipa ununue uzee, wakati kitu pekee ambacho hupaswi kununua ni uzee. Ulichookoa forodhani kinarudi kama kilomita ulizokosa kila asubuhi kwa miaka yote utakayoendesha gari hilo, na siku ya kuliuza kinarudi tena. Sijaona tangazo la muuzaji linalolisema hili waziwazi. Matangazo husema “ushuru nafuu”, na husema kweli.

Oktoba hadi Desemba mtego huo hufunguliwa wazi. Magari ya mwaka unaokaribia kufungiwa huwa rahisi Japani, kwa sababu wauzaji wanajua soko moja kubwa la Afrika Mashariki linafunga mlango. Ujumbe huanza kumiminika kwenye simu: bei ya mwisho, nafasi ya mwisho, meli ya mwisho. Safari ya baharini kutoka Yokohama au Nagoya hadi Mombasa huchukua kama wiki nne hadi sita, mbali na siku za kungoja ukaguzi kabla ya kusafirisha na siku za kungoja nafasi melini. Anayelipa katikati ya Oktoba anaweza kufika kwa raha. Anayelipa katikati ya Novemba ameikabidhi fedha yake kwa hali ya hewa na foleni za bandari. Na hata gari likishuka tarehe 28 Desemba bila taabu, wiki mbili baadaye jirani anaagiza la mwaka mpya zaidi kwa njia halali, na lako tayari ni kuukuu kuliko kitu chochote kitakachoshuka tena bandarini. Kwa Probox, sawa, utauza kwa mtu wa mboga. Kwa Leaf umenunua betri iliyozeeka kuliko zote zilizoruhusiwa, katika mwezi ambao huna nafasi ya kukataa.

Lakini kanuni hiyohiyo ya miaka minane imewafanyia wanunuzi wa Kenya hisani ambayo haikukusudiwa. Mstari ulipohamia 2018, Januari 2025, Leaf za kilowati-saa 24 na 30 zilifungiwa nje kwa jumla, kwa sababu umbo jipya la 40 lilikuwa limeshachukua nafasi yake tangu Oktoba 2017. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa na hakika kwamba Leaf yoyote inayoshuka Kilindini kutoka Japani ina walau betri ya 40. Mwaka 2026 mstari umefika 2019, mwaka ambao e+ ya 62 ilitoka. Magari hayo ya e+ yataendelea kushuka bei Japani yakizidi umri, na sehemu kubwa ya kungoja kuna maana hapo. Aliyengoja kutoka 2023 hadi 2025 alipata zaidi kuliko aliyetafuta mwezi wa punguzo ndani ya 2023.

Kuna jambo dogo ambalo madalali hawalitaji kwa sababu halionekani kwenye bango. Soko la Kenya husoma mwaka, halisomi mwezi. Gari lililosajiliwa Januari 2019 na lililosajiliwa Desemba 2019 yote huitwa “la 2019” na mara nyingi huwekewa bei zinazokaribiana. Betri zao zimepishana miezi kumi na moja, pamoja na kiangazi kimoja kizima cha Japani, ambacho ni cha joto na mvuke kweli. Kwenye karatasi ya mnada mwezi wa kusajiliwa umeandikwa. Uangalie kwanza kabla ya rangi.

Tanzania hali ni nyingine. Hakuna mlango unaofungwa kwa umri, kuna faini. Gari la abiria lenye miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililozidi kumi asilimia 30. Januari mosi ya Dar es Salaam basi haiui gari, inalipandisha ngazi ya faini. Matokeo yake ni kwamba Leaf ya 2013 yenye betri ya 24 bado inaweza kushuka Dar kihalali, ikiwa imelipa faini, ikiwa na bei ya kuvutia kwenye tangazo, na kwenda mahali penye joto la mwaka mzima. Asilimia 30 hiyo watu huilalamikia sana. Mimi naiona kama rafiki mkali: kwa gari la umeme inakuzuia kufanya kosa ambalo Kenya inakupa motisha ya kulikaribia.

Kalenda ya Bunge ni fupi kuielezea ingawa inaumiza. Bajeti za Afrika Mashariki husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Nchini Kenya Muswada wa Fedha hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo Mei yote unaweza kusoma kinachokuja. Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayokwenda kwa umeme peke yake kutoka asilimia 20 hadi 10. Aliyetoa gari lake bandarini kabla ya punguzo hilo kuanza alilipa mara mbili kwa kutosoma gazeti. Rwanda nayo mwaka 2021 iliyafutia magari ya umeme kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ule wa bidhaa. Ila msomaji asikimbilie kila tetesi. Muswada wa Kenya wa 2024 uliondolewa mwezi Juni baada ya maandamano ya vijana, na waliokuwa wameharakisha au kuchelewesha mizigo yao kwa ajili ya vipengele vyake walihangaika bure. Ninachoshauri ni gari liwe njiani Mei, wewe ukiwa na muswada mkononi. Kisha wakala wako wa forodha aambiwe mapema kama unataka karatasi ziingizwe kabla ya Julai mosi au baada yake.

Nimeiweka sarafu hapa katikati makusudi, kwa sababu imewahi kuzidi nguvu misimu yote niliyoitaja. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilinunuliwa Nairobi kwa shilingi zaidi ya 160, na Tokyo ilikuwa karibu yeni 147. Mwanzoni mwa Julai mwaka huohuo shilingi ilikuwa imepanda hadi karibu 129 kwa dola, na yeni imeanguka hadi 161. Chukua gari la yeni milioni moja mnadani. Januari lilimgharimu Mkenya kama shilingi 1,088,000 kabla ya nauli na kodi. Julai, gari lilelile kwa bei ileile ya yeni, kama 801,000. Tofauti ni robo nzima ya bei, na hakuna Machi wala Golden Week iliyowahi kutoa punguzo la namna hiyo. Hakuna pia aliyejua mapema. Wauzaji wengi hutangaza bei kwa dola, na yeni ikianguka hawana haraka ya kukushushia. Unapaswa kuuliza bei ya mnada kwa yeni na kupiga hesabu mwenyewe. Mwenye akiba anayeona shilingi imeimarika na yeni imelegea kwa pamoja asingoje Aprili.

Tukirudi kwenye joto: mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kuona mistari ya uwezo wa betri ikipotea kwenye dashibodi wakati magari yao hayajatimiza hata miaka miwili. Dashibodi ya Leaf ina mistari 12 midogo inayoonyesha afya ya betri, tofauti na ile ya chaji iliyobaki. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Nissan iliongeza dhamana ya uwezo wa betri, na baadaye ikabadilisha kemia yake istahimili joto zaidi. Phoenix ni jangwa, Mombasa haifiki huko. Lakini Mombasa haina majira ya baridi ya kuipa betri mapumziko. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku haushuki vya kutosha. Kusi ikitawala, Juni hadi Agosti, pwani hupumua.

Mnunuzi anaweza kuzitumia pepo hizo namna mbili zinazopingana. Gari linaloagizwa ni vyema lifike wakati wa kusi, kwa sababu huenda likakaa yadi ya bandari siku kadhaa juani, na gari la umeme lililofungiwa kwenye joto huku chaji ikiwa imejaa huzeeka bila kwenda popote. Oda ya Aprili hufika Juni. Hapo kalenda mbili zimekubaliana, jambo adimu. Gari linalouzwa hapa nchini, kinyume chake, ni vyema ulijaribu wakati wa kaskazi. Joto halifichi. Ukiliendesha saa moja mchana wa Februari huku kiyoyozi kinafanya kazi, kisha ukalichaji kwa haraka, kipimo cha joto la betri kitakuambia mengi. Leaf ya 40 ilijulikana tangu 2018 kwa tabia ya kupunguza kasi ya chaji betri ikishapata moto katika safari ndefu. Jambo hilo hulioni asubuhi ya Julai pale Karen, ambako hata chui angevaa sweta.

Nikiwa hapo niseme: gari lililolala Nairobi, kwenye mwinuko wa mita kama 1,700 na usiku wa baridi, kwa kawaida lina betri iliyoteseka kidogo kuliko la umri huohuo lililolala Nyali, Mombasa. Muuzaji wa pwani akikuambia gari lake “halijasafiri sana”, mwambie ndiyo, ila lilikaa juani.

Hapa ndipo Januari ya yule dalali inaporejea, na safari hii kwa hoja bora kuliko karo. Njaanuari ni kweli ipo. Watu huuza, na wanunuzi ni wachache. Kwa gari la umeme kuna nyongeza mbili. Ya kwanza, mwaka unapogeuka gari lolote lililo yadi huonekana limezeeka mwaka mzima machoni pa wateja, ilhali betri yake imezeeka wiki tatu. Muuzaji anapunguza bei kwa ajili ya kalenda. Wewe hukununua kalenda. Ya pili ni joto nililolitaja: Januari na Februari unajaribu gari katika hali yake ngumu. Bei iko chini na ukweli uko juu kwa wakati mmoja, na miezi mingine haiwezi kujisifu hivyo.

Novemba nayo haipewi haki yake. Yadi husema bei hupanda kuelekea Krismasi, watu wakitaka gari la kwenda nalo ushago, na kwa gari la petroli husema kweli. Lakini ni nani anayenunua Leaf la 24 ili aende Kakamega? Mtu mwenye Leaf kuukuu la kuuza Novemba anasubiri simu ambazo haziji. Ikiwa wewe safari zako ni Rongai na mjini, nenda ukamtembelee. Kinyume chake, usitembelee yadi wiki inayofuata tangazo baya la mafuta. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 petroli ilipofika shilingi 211.64 kwa lita jijini Nairobi, kila mtu aligeuka mtaalamu wa magari ya umeme kwa siku kumi. Ngoja mwezi mmoja. Hasira ya watu huisha, na gari bado lipo.

Na baada ya masika makali, jihadhari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari Nairobi, na gari lililozama hukaushwa, husafishwa na kuletwa sokoni miezi miwili mitatu baadaye likinukia manukato. Kwa gari la umeme maji yaliyoingia kwenye viunganishi vya nyaya za volti kubwa hayasamehi.

Nje ya Afrika Mashariki nitapita haraka, kwa ajili ya ndugu walio ughaibuni. Uingereza namba mpya za usajili hutoka Machi na Septemba, na wiki chache baada ya hapo magari yaliyorudishwa hujaa sokoni. Oktoba na Novemba, watu wakiwa wanaogopa baridi, ni miezi mizuri ya kubishana bei. Baridi hiyo ni ya kweli: shirika la AAA la Marekani lilipima mwaka 2019 na kukuta kwamba kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, kipasha joto kikiwa kimewashwa, umbali wa chaji ulipungua kwa asilimia 41. Marekani kwenyewe punguzo la kodi la hadi dola 4,000 kwa gari la umeme lililotumika liliisha tarehe 30 Septemba 2025. New Zealand, ambao nao hununua Leaf za Japani kama sisi, walifuta ruzuku yao tarehe 31 Desemba 2023. Kila mahali, tarehe ya mwisho ya serikali imesukuma watu kuliko majira.

Yote hayo hayana faida usipoipima betri. Namba ya kilomita zilizobaki inayoonyeshwa kwenye dashibodi si kipimo. Hufuata jinsi dereva wa mwisho alivyoendesha, na picha iliyopigwa Hokkaido Februari kipasha joto kikiwa kimewashwa italitukana gari zuri. Mistari 12 ni bora kidogo, ingawa wa kwanza hudondoka baada ya betri kupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo gari lenye mistari yote linaweza kuwa limeshapungua. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu hutoa asilimia ya afya ya betri, tofauti ya volti kati ya seli na seli, na idadi ya mara gari lilivyochajiwa kwa kasi. Muuzaji wa Japani anayejua kazi yake atakutumia picha ya vipimo hivyo kabla hujalipa. Asiyetaka, kuna wengine. Dhamana ya Nissan kwa betri za 40, miaka minane au kilomita 160,000, ni ya huko lilikouzwa, isikutie usingizi.

Kwa hiyo, ikiwa unaagiza: tafuta gari la miaka minne au mitano, lililosajiliwa nusu ya pili ya mwaka, ulilipie kati ya Aprili na Mei. Litakuja na ushuru mkubwa kuliko la miaka saba. Ulipe. Ikiwa unanunua hapa nchini, nenda mwishoni mwa Januari au Februari, mchana wa jua, na kifaa chako mfukoni. Oktoba mpaka Desemba usiagize gari la mwaka unaofungwa, hata kama tangazo limeandikwa kwa herufi nyekundu. Na ukikuta Leaf la 40 lenye afya ya asilimia 90 katika mwezi wowote, shilingi ikiwa na nguvu, funga makala hii ukalipie.